Bwawa limegeuka kijani, na lawama imemwangukia kijana wa nyumbani

BARUA

Ndugu Mshauri,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Mbezi Beach, Dar es Salaam. Mume wangu anafanya kazi mgodini Kanda ya Ziwa na hurudi kila baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo mambo yote ya nyumba yako mikononi mwangu. Shida yangu inahusu bwawa la kuogelea, na najua wapo watakaosema kwamba mtu mwenye bwawa uani hana shida. Nakuomba unisome hadi mwisho.

Bwawa letu lina urefu wa mita nane na upana wa mita nne, na kina chake kinaanzia mita moja upande mmoja na kuishia mita mbili upande wa pili. Miaka ya mwanzo lilitunzwa na fundi aliyekuja kila wiki. Gharama zilipotuelemea tulimwachisha, na kazi hiyo akapewa kijana tunayeishi naye, mtoto wa marehemu kaka yake mume wangu, aliyekuja kwetu kutoka Singida baada ya kumaliza kidato cha nne. Ananiita mama mdogo. Ni mtulivu, anaamka mapema, na majani ya mwembe huwa ameshayaopoa majini kabla sijatoka kwenda dukani kwangu. Kwa tabia hizo sikuwahi kumfikiria vibaya.

Tangu masika yalipokwisha, maji yalianza kupoteza wangavu, kisha yakawa na ukungu, na sasa yamekuwa ya kijani kiasi kwamba ngazi ya mwisho haionekani. Kabla sijawakataza, watoto walikuwa wakitoka majini na macho mekundu, na harufu ya klorini ilikuwa kali hadi sebuleni. Jambo la ajabu ni kwamba dawa inakwisha upesi kuliko zamani. Ndoo ya vidonge ya kilo tano iliyokuwa ikidumu zaidi ya mwezi sasa inakwisha ndani ya wiki mbili. Nilipomuuliza alinijibu, "Mama mdogo, nimetia yote, maji ndiyo yanaikataa dawa." Siku chache baadaye jirani yangu alinieleza kwamba alimwona akipanda bodaboda na ndoo ya dawa ya bwawa mkononi.

Tangu hapo dawa ninaifungia stoo na kumpa vidonge viwili kila Jumatatu. Pampu nayo nimeagiza iwashwe saa mbili tu kwa siku, kwa sababu umeme wa LUKU unakwisha upesi. Kina cha maji kilipopungua tuliongeza maji ya kisima chetu, na kuta zikaota madoa ya kahawia. Hali imezidi kuwa mbaya.

Nilipomweleza mume wangu kwa simu, alisema kijana ni damu yake na hawezi kuiba, kisha akasema kama bwawa linaleta ugomvi basi lifukiwe, au tufugie perege. Sijui habari zilifikaje Singida, lakini wifi yangu alinipigia kuniuliza kwa nini ninamnyanyasa mtoto wa marehemu. Desemba yeye mwenyewe anakuja kwetu na watoto wake, ambao wameahidiwa kuogelea. Nimrudishe kijana kwao? Nilifukie bwawa? Naogopa kuitwa mwanamke anayefukuza ndugu wa mume, na naogopa pia kuendelea kuibiwa ndani ya nyumba yangu nikiwa nimenyamaza.

Mama wa Mbezi Beach

JIBU

Dada yangu wa Mbezi Beach,

Marahaba. Ndani ya barua yako nimeona maswali matatu yaliyofungwa pamoja: kwa nini maji yamechafuka, dawa imekwenda wapi, na wewe unabaki na nafasi gani katika ukoo wa mumeo unapolazimika kumtilia shaka mtoto wao. Mawili ya kwanza umeyapa jibu moja, kwamba kijana anaiba, na jibu hilo ndilo linalolifanya swali la tatu kuwa zito kiasi hicho. Sisemi kwamba jibu lako si la kweli. Ninachoomba ni tuyatenganishe kwanza, kwa sababu maji yanaweza kuchafuka pasipo mwizi yeyote, na mwizi anaweza kuwepo hata katika nyumba ambayo maji yake ni maangavu.

Tuanze na harufu, kwa kuwa wengi huielewa kinyume. Bwawa lenye klorini ya kutosha halinuki sana. Ile harufu kali inayofika sebuleni, pamoja na macho mekundu, hutokana na kloramini, yaani klorini iliyokwisha kukamatana na jasho, mkojo na uchafu wa miili, na ambayo nguvu yake ya kuua vijidudu imebaki ndogo. Kwa hiyo siku ambazo ulisikia harufu na kuamini kwamba dawa ipo tele, huenda ndizo siku ambazo dawa ilikuwa imeshindwa kazi.

Sasa vidonge. Karibu vidonge vyote vikubwa vinavyouzwa kwa ajili ya mabwawa ya nyumbani vina klorini iliyoungana na asidi ya sianuriki, ambayo mafundi huiita stabilaiza. Kazi yake ni kuikinga klorini na jua, kwa maana jua la pwani yetu humaliza klorini isiyokingwa kwa saa chache tu. Kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa kila lita ya maji kinatosha. Tatizo ni kwamba klorini hutumika ikaisha, lakini stabilaiza haiishi: haipandi na mvuke, jua haliigusi, na kila kidonge kipya huongeza nyingine juu ya ile ya zamani. Ikizidi, huishikilia klorini hadi ikawa nzito kufanya kazi, na mwani wa kijani hustawi hata pale ambapo kipimo kinaonyesha kwamba dawa imo. Mtu asiyejua hufanya jambo linaloonekana la busara, yaani huongeza vidonge, na kwa kufanya hivyo huzidisha kilekile kinachoifunga dawa. Kijana aliyekwambia kwamba maji yanaikataa dawa huenda alikuwa anasema uongo mwepesi. Huenda pia alikuwa anaeleza, kwa maneno yake, jambo ambalo fundi angelieleza kwa vipimo.

Hapa kuna hesabu ambayo nadhani itakusaidia. Bwawa lako, kwa vipimo ulivyonipa, linachukua takriban lita 48,000. Kidonge kimoja cha gramu 200 huacha majini zaidi ya gramu 100 za stabilaiza, na ndoo ya kilo tano ina vidonge 25 vya ukubwa huo. Maana yake ni kwamba kila ndoo iliyoyeyuka yote bwawani mwako iliongeza zaidi ya miligramu 50 kwa lita. Kama tangu masika yaishe umenunua ndoo kadhaa na zote zimeingia majini, basi maji hayo yanatarajiwa sasa kuwa na stabilaiza nyingi mno, miligramu mia moja na zaidi kwa lita. Kama vidonge havikuingia, kipimo kitakuwa cha chini. Fundi yeyote mwenye vifaa kamili anaweza kukipima pale pale: huchanganya maji ya bwawa na dawa fulani, mchanganyiko ukawa mweupe, kisha hutazama ni wakati gani alama nyeusi iliyo chini ya chupa inapotea machoni. Endapo kipimo kitagonga mwisho wa mizani, mwombe ayachanganye maji ya bwawa na maji safi nusu kwa nusu, apime tena, kisha azidishe jibu mara mbili.

Nimesita kidogo kabla ya kukuandikia hayo, kwa sababu naona jinsi namba hiyo inavyoweza kugeuzwa kuwa hakimu. Kila mara chujio linapooshwa, maji hutoka. Mvua kubwa ikinyesha, bwawa hufurika. Na nyote mmeongeza maji ya kisima. Maji ya zamani yakitoka hivyo na mapya yakaingia, stabilaiza hupungua bila mtu kuiba kitu. Namba kubwa itamsafisha kijana kwa sehemu kubwa, lakini namba ndogo haitamtia hatiani peke yake. Na kabla hujaita fundi, jiulize kwa utulivu: ikionekana kwamba alikuwa anatia vidonge vyote kweli, utamwambia nini? Nadhani swali hilo ni gumu kuliko lile la utafanya nini ukigundua ameuza.

Kuna mengine mawili ambayo hayamhusu kijana hata kidogo. La kwanza ni pampu. Sijui nguvu ya pampu yako, lakini tuseme inasukuma lita 8,000 kwa saa. Itahitaji saa sita ili maji yote yapite kwenye chujio mara moja. Kwa saa mbili, theluthi mbili ya maji hayo hayajaguswa siku nzima, na katika joto la Dar es Salaam mwani hauhitaji nafasi kubwa kuliko hiyo. Naielewa sana hofu ya LUKU. Hata hivyo, linganisha umeme ulioupunguza na bei ya ndoo za dawa ulizonunua katika kipindi hicho hicho, kwa maana inawezekana kwamba fedha ulizookoa kwenye mita umezitoa dukani. Vidonge viwili kwa wiki navyo, kwa bwawa lililokwisha kuchafuka, ni vichache sana. Tangu ulipofunga stoo, hali ingezidi kuharibika hata mikononi mwa fundi hodari.

La pili ni kisima. Maji ya visima vingi yana madini ya chuma yaliyoyeyuka, ambayo hayaonekani hadi yanapokutana na klorini, na hapo ndipo yanapogeuka kahawia au kijani na kuacha madoa kama hayo uliyoyaona ukutani. Jaribio lake halina gharama. Chukua ndoo nyeupe, jaza maji ya kisima, tia chembe kidogo za klorini, kisha subiri saa moja. Yakibadilika rangi, umepata sehemu ya jibu. Ndoo nyingine nyeupe ijaze maji ya bwawa. Yakiwa ya kijani lakini unaona sakafu ya ndoo vizuri, shuku madini. Yakiwa ya kijani yenye ukungu na utelezi, huo ni mwani. Inawezekana pia kabisa kwamba una vyote viwili.

Turudi kwa kijana. Barua yako inataja mengi kumhusu, lakini haisemi ni nani aliyemfundisha kazi hii. Fundi aliondoka, akaachiwa ndoo, fagio na wavu. Je, kuna aliyemwonyesha kipimo cha pH, yaani cha ukali wa asidi majini, ambacho hutakiwa kukaa kati ya 7.2 na 7.6? Aliambiwa kwamba chujio la mchanga lina saa ya kupimia mgandamizo, na kwamba ikipanda kwa takriban nusu baa kupita siku lilipokuwa safi, ni wakati wa kuliosha kwa kurudisha maji nyuma? Na je, analipwa? Mtoto wa nyumbani mara nyingi hupewa chakula, kitanda na hela ya vocha, kisha hufanya kazi ambayo mgeni angeidai mshahara, na hakuna anayehesabu kwamba anadaiwa kitu. Nikisema hivyo sihalalishi wizi. Nasema tu kwamba, ikiwa kweli aliuza dawa, yatakuwepo mazungumzo mawili ya kufanya, wala si moja.

Kuhusu bodaboda, jirani yako aliona ndoo. Hakuona kilichokuwa ndani yake. Ndoo tupu zenye vifuniko vizuri hutafutwa na watu kwa kuhifadhia vitu, na huenda alikwenda kuiuza au kumpa mtu. Huenda pia ilikuwa imejaa. Jambo hilo linaulizwa kwa sentensi moja, mchana, mkiwa wawili, bila jirani na bila wifi: "Nimesikia ulionekana na ndoo ya dawa kwenye bodaboda, nieleze." Kisha nyamaza umsikilize. Kumtega kwa kuhesabu vidonge kimya kimya kunaweza kukupa ushahidi, lakini kijana wa umri wake huhisi mtego mapema, na tayari ameona kufuli la stoo.

Njia zilizo mbele yako ni kadhaa, na hakuna hata moja isiyo na bei yake. Ukimrudisha Singida sasa, utapata utulivu wa muda, lakini utakuwa umetoa hukumu ambayo mumeo hakushiriki, na maji yatabaki ya kijani vilevile akiwa ameshaondoka; hapo utajikuta umempoteza mtu na tatizo limebaki. Ukimbakiza bila kubadilisha chochote, shaka itaendelea kukula ndani, na watoto wataisoma usoni mwako. Wapo wanaochagua njia ya kumrudisha fundi kwa mwezi mmoja tu, kwa masharti kwamba kijana afanye kazi zote kwa mikono yake huku fundi akielekeza, na kila siku vipimo na dawa iliyotiwa viandikwe kwenye daftari ambalo wewe pia unalisoma. Njia hii inagharimu fedha, na inaweza kumfanya ahisi anachungwa. Yaweza vilevile kuwa mara ya kwanza kwake kuijua kazi anayolaumiwa kwayo.

Kwa upande wa maji yenyewe, stabilaiza iliyozidi haina dawa ya kawaida. Hupunguzwa kwa kumwaga maji na kutia mengine. Ukibadilisha nusu, nayo hupungua nusu. Lakini usikubali fundi mwenye haraka amwage maji yote ya bwawa kwa mara moja, hasa wakati wa mvua. Maeneo ya karibu na bahari kama kwako mara nyingi yana maji ya ardhini yaliyo juu, na bwawa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini hadi likapasuka au kunyanyuka. Hubadilishwa kwa mafungu, theluthi kwa theluthi. Ikiwa kisima kitaonekana kina chuma, itabidi ufikirie maji ya bomba au ya boza, na hiyo ni gharama ya kuipanga na mumeo kabla ya kuanza. Baada ya hapo ndipo klorini ya unga, isiyo na stabilaiza, inapotiwa kwa wingi jioni jua likishazama. Matope yatakayotulia chini huvutwa moja kwa moja hadi nje pasipo kupitishwa kwenye chujio. Wengine huyatuliza kwanza kwa shabu. Jambo moja halina mjadala: klorini ya unga na vidonge visikutane kamwe, si kwenye ndoo wala kwenye kijiko kimoja, kwa kuwa huweza kuwaka au kulipuka, na tindikali ikigusana na yoyote kati yake hutoa gesi ya sumu. Kama kijana hana glavu na miwani, anunuliwe kabla ya kidonge kingine chochote.

Mapendekezo ya mumeo nayo yana uzito wake. Kufukia si kumwaga kifusi tu; sakafu hutobolewa kwanza ili maji ya mvua yapate njia, la sivyo utabaki na tope lisilokauka. Perege wanaweza kufugwa kwenye bwawa la zege, lakini si katika maji yenye klorini, na watahitaji hewa, chakula na mtu wa kuwaangalia kila siku, na mtu huyo, nadhani, atakuwa yule yule kijana. Kuliacha tu kama lilivyo ndiyo njia mbaya kuliko zote hizo, kwa maana maji yaliyotelekezwa huzaa mbu, na Dar es Salaam ilikwisha kuonja homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019.

Hata hivyo nimejiuliza kama mumeo kweli anazungumzia perege. Mtu aliye mbali, anayeambiwa na mkewe kwamba mtoto wa marehemu kaka yake ni mwizi, amewekwa mahali ambapo kila jibu litamuumiza mmoja wenu. Kuondoa bwawa kunamwondolea haja ya kuchagua. Huenda simu yenu ijayo ingekuwa nyepesi zaidi kama ungeanza na maji badala ya kuanza na kijana: mweleze habari za stabilaiza, kisima na pampu, mwombe alipie vipimo, na mkubaliane kabla ya majibu kwamba yeyote atakayeonekana amekosewa ataombwa radhi. Kuhusu wizi, mwambie kwamba una shaka na kwamba hujui. Hayo ni maneno mawili tofauti na "anaiba", na yana uzito tofauti yakifika Singida.

Hadi wakati huo, mtoto yeyote asiingie majini mpaka tundu la chini upande wa mita mbili lionekane wazi kwa mtu aliyesimama ukingoni. Katika maji yenye ukungu mtoto aliyezama haonekani, hata na mtu mzima aliye hatua mbili kutoka kwake. Kama eneo la bwawa halina uzio wenye lango linalojifunga lenyewe, fedha za kwanza ziende huko. Usafishaji wa aina hii huweza kuchukua wiki kadhaa, na mvua za vuli zitakuwa zimeanza, kwa hiyo mpigie wifi yako sasa, usingoje afike na watoto wamebeba nguo za kuogelea. Mwambie bwawa linatengenezwa na huenda lisiwe tayari, na kwamba bahari iko karibu. Utakuwa pia umempigia wewe, kwa jambo lisilo la lawama, kabla yeye hajakupigia tena kwa lile la zamani.